Muulize Bwana Nyama: Kanga wa Mzungu, Kunguru wa Balozi

Barua za mwezi huu ni za ndege tupu. Nimechagua tano. Mbili za mwanzo nimezijibu kwa kirefu kwa sababu zinastahili, hizo nyingine nitapita nazo haraka kidogo. Walioniuliza habari za fisi wa Tabora wasubiri toleo lijalo.

*Shikamoo Babu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, kwetu Kilosa. Marehemu babu mzaa baba alikuwa akisimulia kwamba enzi za Mwingereza alifungwa kwa kutega kanga, na wakati huohuo Mzungu wa shamba la mkonge alikuwa akiwapiga kanga kwa bunduki mchana kweupe na hakuna aliyemgusa. Mwalimu wetu wa historia anasema sheria zile zilikuwa za uhifadhi. Nani mkweli? – Mjukuu, Kilosa*

Marahaba mjukuu wangu. Wote wawili ni wakweli, ila mwalimu amekupa nusu ya habari.

Tuanze na mtego wenyewe, maana nina hakika wewe hujawahi kuuona. Unakata kijiti kibichi cha mkole, unakichomeka ardhini na kukipinda hadi ncha yake iguse chini. Kwenye ncha unafunga kamba nyembamba ya katani yenye tanzi, unaishikiza kwa kijiti kidogo cha kufyatukia, kisha unamwaga punje chache za mtama. Kanga ana mazoea: kila jioni kundi hupita njia ileile likielekea kwenye mti wa kulala. Anayeijua njia hiyo halali njaa. Mtego wa namna hiyo haugharimu senti, hauna kelele, na unamwachia mtegaji mikono yake kwa kazi ya shamba. Watoto wa pwani nao walikuwa na ulimbo, utomvu wa mfenesi unaochemshwa na kupakwa kwenye tawi. Ndege akitua, miguu inanata.

Sasa njoo kwenye karatasi. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kutia saini mkataba dhidi ya biashara ya utumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya kuzuia bunduki za kisasa zisiingie mikononi mwa Waafrika katika eneo kubwa la bara hili. Kilichoruhusiwa, tena kwa masharti, ni bunduki za zamani za gumegume na baruti ya kawaida. Ndiyo maana babu zetu walibaki na magobole. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, akatoa amri ya uwindaji kwa Afrika Mashariki ya Wajerumani: kuwinda kukawa kwa leseni, na maeneo ya kwanza ya hifadhi yakatengwa, moja upande wa Rufiji na jingine magharibi ya Kilimanjaro. Kuanzia hapo mnyama wa porini akawa na mwenyewe, na mwenyewe ni serikali.

Kisha tarehe 19 Mei 1900, mjini London, wajumbe wa Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ureno, Hispania, Italia na Dola Huru ya Kongo wakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika. Miongoni mwa mambo waliyokubaliana ni kuzuia, kadiri iwezekanavyo, matumizi ya nyavu na mashimo ya kutegea. Mkataba wenyewe haukuwahi kuanza kutumika, maana wengine hawakuuridhia, lakini orodha zake zilinakiliwa katika kanuni za koloni moja baada ya nyingine. Kwa hiyo Brussels ilichukua bunduki, na London ikachukua wavu. Mtu asiye na bunduki na asiye na wavu anawindaje kihalali?

Orodha zile nakushauri uziangalie kwa makini kuliko hotuba zote za uhifadhi. Ndege waliolindwa kabisa walikuwa tumbusi, ndege karani, bundi, na shashi, yule anayepanda mgongoni mwa nyati na kifaru kudonoa kupe. Mkataba unataja sababu waziwazi: wana manufaa. Tumbusi anasafisha mizoga, karani anaua nyoka, bundi anakula panya, shashi anakula kupe. Orodha ya pili ni ya ndege wa kuuawa kwa kiasi: mbuni, marabu, yangeyange, tandawala, kwale, kanga na wengineo wa kuwindwa. Na orodha ya mwisho ni ya wabaya, wale ambao idadi yao ilitakiwa ipunguzwe. Humo wamo simba, chui, fisi, mamba, na pia ndege wakubwa wawindaji, yaani tai na wenzake, isipokuwa tumbusi, karani na bundi. Tai aliyekuwa akichukua mwanakondoo wa mlowezi aliwekwa kundi moja na mamba. Hata mayai yalipangiwa: ya mbuni yalindwe, ya mamba na chatu yaharibiwe.

Unaona mpangilio wake? Hakuna ndege aliyelindwa kwa sababu ni ndege. Alilindwa kwa kazi anayofanya, au alitunzwa ili apatikane siku mwenye leseni atakapotoka na bunduki yake. Kanga alikuwa wa kundi hili la pili. Yule Mzungu wa mkonge, kama alikuwa na leseni, alikuwa ndani ya sheria. Babu yako hakuwa na leseni, na zaidi ya hapo alitumia tanzi. Katika macho ya hakimu, tanzi lilikuwa kosa baya kuliko kifo cha kanga.

Walikuwa na hoja yao, na mimi siikatai yote: tanzi halichagui. Linamkamata jike mwenye mayai kama linavyomkamata jogoo, na mtegaji akisahau, mnyama anateseka siku mbili. Nimefungua matanzi mengi katika kazi yangu na sipendi nilichokikuta humo. Lakini risasi za marisau zinazorushwa katikati ya kundi la kanga nazo hazichagui, na majeruhi wanaokimbilia vichakani hakuna anayewahesabu. Hilo halikuandikwa popote.

Mwalimu wako naye ana haki yake. Tembo na faru walikuwa wanamalizwa kwelikweli kwa ajili ya meno na pembe, na bila zile hifadhi leo tungekuwa tunawaonyesha wajukuu picha. Tena bwana nyama mkuu wa kwanza wa Tanganyika, yaani afisa mkuu wa wanyamapori, Charles Swynnerton, aliyeanza kazi mwaka 1919, alikuwa mtaalamu wa ndege hasa. Yuko ndege mdogo wa misitu ya Usambara na Udzungwa anayeitwa kwa jina lake mpaka leo. Hawakuwa watu wasiojali. Walijali, lakini meza waliyokuwa wamekaa haikuwa na kiti cha mtu wa Kilosa.

Jambo moja la mwisho kabla sijakuachia. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1921 ilifuatiwa na ya 1940, kisha ya 1951. Uhuru ulipokuja 1961 bendera ilibadilika. Sheria ya wanyamapori ya 1951 iliendelea hadi 1974. Kitabu nilichokabidhiwa siku ya kwanza kazini, nikiwa kijana niliyetoka chuo cha wanyamapori cha Mweka, kilikuwa hichohicho cha Mwingereza, kimefutwa majina ya vyeo na kuandikwa mapya kwa kalamu ya wino. Waliokamatwa walikuwa walewale: wenye matanzi.

*Babu, hujambo? Nafuga kuku wa kienyeji hapa Kilifi. Kunguru wananimalizia vifaranga. Jirani ananiambia nikiua ndege nitashtakiwa, mwanangu anasema kunguru hana kesi. Nani aliwaleta hawa ndege na kwa nini wengine wanalindwa na hawa hapana? – Mama Kuku, Kilifi*

Sijambo mama, pole na vifaranga.

Kwanza hakikisha unamshtaki mhalifu mwenyewe. Kunguru wa Kihindi, ambaye watu wa Mombasa wanamwita kurabu, ni mwembamba, mweusi, na shingo yake ni ya kijivu. Kunguru wetu wa asili ni mkubwa zaidi na ana kifua na shingo vyeupe, kama mtu aliyevaa fulana nyeupe akaivalia koti jeusi kifua wazi. Huyu mweupe hana makosa mengi, na pwani sasa ni nadra kumwona, kwa sababu yule wa kijivu amemfukuza. Wakiwa kundi, wale wa kijivu humwandama ndege yeyote mkubwa, mwewe au bundi, wakimdonoa hadi ahame. Viota vya ndege wadogo wanavipita kimoja kimoja wakila mayai na makinda. Vifaranga vyako ni chakula cha mchana tu.

Aliwaleta nani? Habari inayokubalika ni kwamba waliletwa Zanzibar kutoka India mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati Sir Gerald Portal alipokuwa balozi mkuu wa Uingereza kule, na kazi waliyoletewa ilikuwa kusafisha takataka za mji. Hebu fikiria: mji wenye maelfu ya watu, bandari inayopokea majahazi kila msimu, matumbo ya samaki na maganda ufukweni, na dawa iliyopatikana ni ndege. Si kichekesho kwa watu wa wakati ule. Ni fikra ileile ya orodha ya London niliyomweleza mjukuu wa Kilosa: ndege ni mtumishi, mpe kazi. Tumbusi alipewa mizoga, kunguru akapewa jaa.

Portal mwenyewe alifariki mwaka 1894 na hakuona matunda ya mradi huo. Kunguru walisafisha, ndiyo, lakini hakuna aliyewaambia waishie kwenye takataka. Ilipofika 1917 walikuwa wametangazwa kuwa waharibifu kisiwani Zanzibar, na serikali ikawa inalipa fedha kwa kila kunguru au yai litakaloletwa. Robo karne kidogo na ushei, kutoka mtumishi wa serikali hadi mtu wa kusakwa kwa zawadi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akahama. Walivuka maji, na mwaka 1947 walikuwa wameshaonekana Mombasa. Dar es Salaam wamejaa. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha.

Kwa hiyo mwanao yuko karibu na ukweli kuliko jirani. Kwa serikali zetu kunguru wa Kihindi ni mvamizi, na zinataka apungue. Lakini mama, nakusihi, usitumie sumu ya dukani. Nyama yenye sumu haijui nani kunguru nani mbwa wa jirani, na mwewe atakayemla kunguru aliyekufa atakufa pia. Dawa inayotumiwa na wataalamu imetengenezwa kwa ajili ya ndege wa aina hiyo na inashikwa na watu wenye mafunzo. Hiyo si ya kununua sokoni.

Kinachofanya kazi nyumbani ni mtego wa banda. Nimeuona Dar es Salaam nyuma ya hoteli moja ya ufukweni. Ni chumba cha wavu wa chuma, urefu wa mtu, na juu ya paa kuna uwazi uliopangwa vijiti kama ngazi iliyolazwa. Kunguru anapita kati ya vijiti akiwa amekunja mabawa, akishatua ndani akitaka kuruka nje mabawa yanakwama. Chambo ni matumbo ya samaki. Siri yake ni kwamba hawawaondoi wote: wanamwacha mmoja mzima humo ndani, akiwa na maji na chakula, maana kunguru hamwamini binadamu lakini anamwamini kunguru mwenzake. Wanaokamatwa wauawe upesi bila mateso. Zungumza na ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe kabla ya kuujenga. Mara nyingine wana mabanda ya kuazimisha. Na vifaranga vyako, mpaka vifikishe wiki sita hivi, viweke chini ya wavu mchana. Jaa la nyumbani lifunikwe. Kunguru hula kwanza jaani, halafu ndipo akupigie hodi.

*Babu, je, palikuwepo popote sheria ya kumlinda ndege mgeni, si kumuua? Au wageni wote waliishia kama kunguru? – Msomaji wa siku nyingi, Tanga*

Ilikuwepo, na kisa chake kimenifurahisha kuliko vyote nilivyowahi kusoma. Kilitokea kisiwani Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion, karne ya 18, na aliyekiandika ni mwanasayansi wa Kifaransa Buffon.

Nzige walikuwa wanakila kisiwa. Gavana Desforges-Boucher na mkuu wa utawala Poivre wakaagiza kutoka India jozi chache za maina, yule ndege wa kahawia mwenye ngozi ya njano kuzunguka macho, mpiga kelele. Maina wakala nzige. Kisha walowezi wakawaona wakichakura mashamba yaliyopandwa karibuni, wakasema hawa wanakula mbegu. Ndege wakashtakiwa rasmi. Watetezi wao walisimama na kusema wanachokitafuta ardhini ni wadudu, wala si mbegu, haikusaidia. Hukumu ikatoka, na saa mbili baadaye, anasema Buffon, hapakubaki hata jozi moja kisiwani.

Nzige wakarudi. Watu wakajuta. Baada ya miaka minane maina wanne wakaletwa tena na kupokewa kwa shangwe. Safari hii waliwekwa chini ya ulinzi wa sheria, na madaktari wakaongeza wao: wakatangaza kwamba nyama ya maina ni mbaya kwa afya. Mimi nimefanya kazi ya kuwakataza watu kula nyamapori maisha yangu yote na sikuwahi kuwa na kifungu kizuri kama hicho. Faini inamtisha mwenye fedha kidogo. Daktari anamtisha kila mtu.

Mwisho wake? Maina walizaana hadi wakawa kero, wakila matunda na makinda ya njiwa.

New Zealand nako walowezi wa Kiingereza walileta ndege wa kwao, wengine kwa ajili ya kuwinda na wengine kwa ajili ya kula wadudu, na kuanzia miaka ya 1860 wakatunga sheria za kuwalinda wale wa kuwinda. Shomoro alikuwa mmoja wa wageni hao wa miaka ya 1860. Mwaka 1882 Bunge likalazimika kupitisha sheria ya kupambana na ndege wadogo, naye akiwa mshtakiwa mkuu. Wakati huo huia, ndege wa kisiwa chenyewe ambaye Wamaori walimheshimu kwa manyoya yake ya mkia, hakupata ulinzi hadi 1892. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ni 1907. Mgeni alipewa sheria miaka thelathini kabla ya mwenyeji. Hapo sina la kuongeza.

*Mzee, ni kweli yangeyange waliwahi kuuawa kwa ajili ya kofia? – Dada wa Dodoma*

Kweli tupu. Wakati wa kutaga, yangeyange na jamaa zake huota mgongoni manyoya marefu laini. Hayo ndiyo yaliyotakiwa na washona kofia wa London, Paris na New York. Kwa kuwa huota msimu wa kuzaa tu, ndege alipigwa akiwa na makinda kiotani, na makinda yakafa kwa njaa. Waliopinga kwa nguvu zaidi Uingereza walikuwa wanawake. Mwaka 1889 Emily Williamson alianzisha kwao kikundi ambacho baadaye kilikuwa chama kikubwa cha kulinda ndege nchini humo. Sheria ya kupiga marufuku uingizaji wa manyoya ilipita 1921, na manyoya ya mbuni yakaachwa nje ya marufuku hiyo, maana mbuni alikuwa anafugwa. Walowezi walimfuga hata upande wa Machakos, Kenya, mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipoua soko. Yangeyange tunaowaona leo wakifuata ng'ombe wana deni kwa wale akina mama.

*Shikamoo. Nimeuziwa kasuku wa kijivu na kijana barabarani, Moshi. Ana umri mdogo, anaongea. Nifanyeje niwe salama kisheria? – Mpenda ndege*

Marahaba. Hauko salama. Tangu 2017 kasuku wa kijivu yuko katika daraja la juu kabisa la mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 huwezi kumiliki ndege wa porini bila kibali. Risiti ya kijana wa barabarani, hata kama angekuandikia, si kibali. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya wewe mwenyewe, kabla hawajaja wao, ukaeleze ulivyompata. Mpeleke ndani ya kikapu chenye kitambaa juu ili asishtuke, na umbebee maji.

Na usimfungulie mlango aruke zake kwa kumwonea huruma. Msitu wa kwao hauko Moshi.